Nilivyosomea kompyuta Arua nikitokea historia, mpaka nikampata dada yangu

Wakuu, salaam kwenu. Hii ni yangu mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Atakayeona nimetia chumvi aniulize.

Miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa historia Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Chuo kimoja kikaleta Arua postgraduate diploma ya kompyuta, kwa mwenye digrii yoyote. Nikajitosa. Keyboard sijawahi kugusa, herufi A tu naitafuta kama kuku anayedonoa.

Siku ya kwanza mkufunzi aliingiza majina yetu, akabonyeza, yakajipanga yenyewe kwa alfabeti.

Wakuu, kazi hiyo mimi naifanya siku nzima kwa rula na daftari. Nilibaki mdomo wazi, sioni aibu kusema.

Kwa project ya mwisho nikaomba madaftari ya ofisi moja iliyoandikisha watu waliorudi kutoka Zaire na Sudan baada ya vita vya 1979 vilivyomng'oa Amin.

Nilikuwa na langu moyoni. Dada yangu Asha alitupotea njiani tukikimbilia Sudan. Kila siku ya soko, mama alikuwa sokoni kwetu Ludara akiwauliza wanaovuka mpaka.

Nikaunda database kama kitabu kilivyofundisha: familia inatambulika kwa jina la ukoo. Nikajaza wiki kadhaa. Asha hayumo. Na kila mtu ametokea familia ya peke yake.

Nilijiona mjinga kweli. Kwetu kila mtoto ana majina yake, la baba haliwafuati. Nalijua hilo tangu utoto, ila kitabu kilisema, nikatii.

Makarani wa yale madaftari walinishinda akili. Kila mtu walimuuliza mama yako nani, kwenu wapi. Nikaanza upya kwa hayo mawili.

Nikaandika jina la mama na la kwetu: Zeinabu, Ludara. Ikaleta mistari miwili. Mmoja mimi, maana nami niliandikishwa tuliporudi. Wa pili Rosa, anakaa Ajia, si mbali na Arua.

Nikampelekea mama habari.

"Mimi sina mutoto yenye jina Rosa," akasema. "Lakini twende."

Tulimkuta anapukuchua mahindi. Alikuwa Asha. Aliolewa Zaire, akabatizwa, na aliambiwa sisi wote tulifia Sudan.

Mama alikaa chini, akavuta hindi, akaanza kupukuchua naye. Mimi ndiye niliyelia.

Wiki iliyofuata mama alikuja chuoni na wanawake wanne wa sokoni. "Sasa tafuta ya hawa pia. Watoto yao iko wapi?"

Nikatafuta mmoja mmoja. Hakuna aliyetokea. Nilishindwa hata kuwatazama.

Yule mkubwa wao akasogeza kiti karibu. "Andika tena," akasema. "Polepole."

Nikaandika tena.

Nilichojifunza: ukihamia fani mpya, usidharau unachokijua kutoka kwenu, maana aliyeandika kitabu hakijui. Mliotoka fani nyingine kama mimi, kitabu kiliwadanganya wapi? Nawasoma.