Geti la Mai Sabhagi

Kijijini kwetu Mithri mtu akichelewa haulizwi mara mbili. Husema, "Geti lilikuwa limefungwa," na mambo yakaisha hapo. Mwalimu hulipokea neno hilo kwa wanafunzi, waume hulipokea kwa wake zao, na imamu wetu mwenyewe aliwahi kulisema mbele ya jeneza lililokuwa likimsubiri aliswalie. Tulimkubalia, ingawa sote tulijua kwamba treni ya mwisho ilipita hapa kabla binti yangu mkubwa hajazaliwa, na binti yangu huyo sasa ana watoto wanaonikimbiza dukani.

Mwenye geti ni Mai Sabhagi; Mai kwetu ni mama mtu mzima. Mimi ni Khamiso, fundi cherehani, na duka langu linatazamana na kibanda chake, barabara ikiwa katikati. Kwa hiyo nayasema niliyoyaona, si ya kuambiwa. Mumewe, marehemu Bachal, alikuwa mlinzi wa geti hilo, pale reli ilipokatiza barabara, enzi za treni. Treni ziliposimamishwa, wakubwa walikata mshahara wake, lakini hakuna aliyekuja kumwambia aache kazi. Bachal alikuwa na kichwa kigumu. Alisema aliyemwamuru afunge ndiye atakayemwamuru aache, akaendelea kuuteremsha ule mti wa geti, mwekundu na mweupe, kila wakati wa gari moshi la asubuhi na wakati wa gari moshi la alasiri. Reli zenyewe ziliondoka kipande kwa kipande, na mataruma yakafuata. Usiniulize boriti ya duka langu ilitoka wapi.

Bachal alipofariki tulidhani mchezo umekwisha. Mai alikaa eda yake yote, na ilipomalizika akatoka nje, akashika mnyororo, akateremsha geti. Kisha akabandika birika la chai, kwa sababu watu wakisimama ni lazima wapewe kitu.

Chai yake ni ya maziwa ya nyati, ina hiliki na sukari guru, na haimiminwi mpaka imekolea rangi ya tofali. Wanaume huinywa nje, kwenye vitanda vya kamba. Wanawake huingia ndani ya kibanda. Hapo ndani ndipo penyewe. Mwanamke wa kwetu akisimama njiani bila sababu ataulizwa na mume, na mama mkwe, na shemeji. Lakini geti likifungwa afanyeje? Geti ni la serikali. Basi huteremka kwenye mikokoteni ya punda, huingia kwa Mai, na kicheko chao hunifikia hadi kwenye cherehani. Mke wangu naye huingia humo. Nimeambiwa nazungumzwa sana.

Mwaka jana, pamba ilipoanza kuchumwa, gari jeupe kutoka Karachi lilifika wakati geti liko chini. Akashuka kijana mmoja nadhifu, miwani imepandishwa kichwani, jina lake Sarang. Akatazama matrekta yenye pamba, pikipiki, punda, basi dogo la Mirpur Khas, na watu wote wale wametulia na vikombe vyao.

"Kuna nini hapa?" akauliza.

Jumo, mwenye mkokoteni wa punda, ni mtu ambaye hata msibani hakosi utani. "Tunasubiri treni, sain," akamjibu, kwa lile neno letu la kumwita mtu bwana.

"Wote hawa?"

"Wote. Na punda pia."

Sisi hatuna tabia ya kumkatalia mgeni. Sarang alipotugeukia, kila mmoja akatikisa kichwa kwamba ndiyo, tunasubiri treni. Nilitikisa na mimi, sindano ikiwa mdomoni. Yule kijana machozi yakamlengalenga. Akasema katika maisha yake hajaona watu wenye subira kama sisi, akatupiga picha nyingi.

Wiki haikuisha akarudi. Sasa alikuwa na kampuni, ilikuwa na jina, na jina lilikuwa limechapwa kwenye kofia. Mwenye mashamba ya pamba ya hapa kwetu akamvisha shali ya ajrak mabegani kama tunavyomvisha kila mgeni wa heshima, na watu wakakusanyika kwenye baraza lake kumsikiliza. Reli ya Mithri ingefufuliwa, alisema. Mabehewa yangekuwa na feni. Serikali imekubali karibu kabisa. Hiyo "karibu" niliisikia vizuri, ila wazee walikuwa wameshaanza kupiga makofi.

"Pamba yenu itafika Karachi kabla haijapoa," akasema Sarang.

"Pamba haipoi, ada," Jumo akasema, akimwita ndugu kwa lugha yetu. "Kinachopoa ni chai."

Nikauliza reli zitatoka wapi, maana zilizokuwepo hazipo. Sarang akasema hilo ni dogo. Kilichobaki ni tajiri mmoja tu, Seth Ghani, mfanyabiashara wa nyuzi, ambaye angekuja kujionea mwenyewe jinsi watu wanavyoihitaji treni. Akipendezwa, kazi ianze.

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kwa Mai. Nilivuka barabara kumfuata, nikajifanya nimekwenda kurudisha kikombe.

"Mai, siku ya Seth nakuomba ufunge geti mapema, ufungue kwa kuchelewa," akasema. "Nataka watu wajae."

"Na treni ikija kweli?"

"Ikija, hutahangaika tena. Tutaweka geti la umeme, linajifunga lenyewe. Kibanda hiki kitakuwa chumba cha mitambo. Wewe utapumzika."

"Nimekuambia nimechoka?"

"Hapana, Mai, lakini umri..."

"Umri wangu umekuja kukulalamikia Karachi?"

Sarang akacheka kwa adabu. Mke wangu, aliyekuwa amekaa pembeni na wenzake wawili, akajifunika vizuri na kuuliza, "Hilo la umeme, mwanangu, litafungwa kwa muda gani?"

"Dakika moja, mama. Treni za siku hizi zina kasi. Hamtasimamishwa kabisa."

Wanawake wakatazamana. Sarang alidhani amewapa habari njema. Alipoondoka, birika lilichemka likamwagika, na Mai hakuliinua.

Siku zilizofuata ndizo nilizomwona Mai akizeeka. Hakuwa na mtoto, na ndugu zake walikwisha. Lakini si kibanda tu kilichomsumbua. Jioni moja, nikimpimia shati, alinieleza mwenyewe.

"Ada Khamiso, siku ile ya Seth sitafunga geti. Mti utakaa juu."

"Vizuri. Atakuta barabara tupu, aende zake."

"Ndiyo. Barabara tupu." Akanyoosha mkono niupime. "Miaka yote hii nimewafungia njia. Sijawahi kujua kama wangesimama nisingefunga."

Nilitaka kumwambia asiseme upuuzi, lakini hata mimi sikujua. Nilimwonea huruma mpaka nikakosea kipimo. Lile shati linambana hadi leo.

Siku ikafika. Wakati wa gari moshi la alasiri Mai alitoka, akakaa kwenye kigoda kando ya mnyororo, mikono mapajani. Mti ulisimama wima. Birika hakulibandika. Nami sikushona kitu.

Wa kwanza kutokea alikuwa Jumo, amepakia wanawake waliotoka kuchuma pamba. Punda alifika kwenye geti akasimama mwenyewe, kama alivyozoea. Jumo akautazama mti ulioko juu, akamtazama Mai.

"Mai, vipi? Geti limeharibika?"

"Liko wazi. Pita."

"Nipite niende wapi? Sijanywa chai."

"Leo sijabandika."

"Basi bandika, tutasubiri. Kwani sisi tuna treni ya kuwahi?"

Wanawake walikuwa wameshateremka. Mke wangu, ambaye nilidhani yuko nyumbani, akapita mbele yangu akiwa na ndoo ya maziwa ya nyati wetu, wala hakuniaga. Trekta likafika, likazima injini. Pikipiki zikasimama. Dereva wa basi dogo aliteremka, akauegemea ule mti wa geti kama anauhurumia, akauliza kama chai iko tayari. Hakuna aliyepita. Mai aliingia ndani haraka, na nilipomwona akipangusa macho kwa ncha ya mtandio hakuwa bado amewasha moto, kwa hiyo haukuwa moshi.

Gari la Seth likawasili katikati ya msongamano huo. Sarang akaruka nje wa kwanza. "Seth, umeona? Umeona wanavyosubiri?"

Seth Ghani alikuwa mzee mnene, mpole, mwenye macho ya mtu aliyezoea kupima vitambaa kwa kugusa. Akatazama umati. Akautazama mti wa geti ulioko juu kabisa. Akamwendea Jumo.

"Ndugu yangu, geti liko wazi. Mbona umesimama?"

"Nasubiri, sain."

"Unasubiri nini?"

"Chai."

"Na treni?"

Jumo akamwangalia Sarang, akamwonea haya kidogo, lakini Seth alikuwa mtu mzima na alikuwa ameuliza swali la kweli. "Treni gani, sain?" akasema.

Seth akageuka kuitafuta reli. Akatazama huku, akatazama kule, mpaka macho yake yakatua kwenye boriti ya paa la duka langu. Nikainamia kitambaa. Tumbo lake likaanza kutikisika taratibu, kisha akacheka waziwazi. Akakaa kwenye kitanda cha kamba, akavua viatu. Akamwita Sarang kwa mkono akae naye, bila hasira yoyote.

Mai mwenyewe ndiye aliyewaletea chai. Sarang alipokea kikombe huku ameinamisha kichwa. Mai akamwambia, "Kunywa, mwanangu. Treni yako ikipatikana utanijulisha, nitaifungia geti kama zamani." Hata Sarang ikambidi acheke.

Seth alikunywa cha kwanza, akaomba cha pili. Simu yake ilikuwa ikilia tangu cha kwanza. Hatimaye akaichukua, na sauti ya mkewe ikatufikia sote kutoka Karachi: yuko wapi, wageni wamekwisha kukaa, chakula kinapoa.

Seth akainua macho kuutazama ule mti uliosimama wima. Ndani ya kibanda wanawake wakasogea mlangoni kumsikiliza.

"Nakuja, nakuja," akasema, akimnyooshea Mai kikombe kitupu. "Geti lilikuwa limefungwa."