Mpwa wangu analala ndani ya kabati nililolitengeneza mimi

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana dada yangu yumo humu na kwa kukomenti hajambo.

Mimi ni mwanaume wa miaka 31, fundi seremala, kwetu ni Mlali. Mama alifariki nikiwa darasa la tatu, dada yangu mkubwa ndiye aliyenilea mpaka nikashika randa. Mwaka jana aliniita kwake Mzumbe, akasema wanachuo wanatafuta pa kulala, nimgawanyie sebule. Nikamtengenezea makabati sita ya plaiwudi. Mtu anaingia, anavuta mlango, analala. Kila moja lina taa na soketi yake, na matundu ya hewa nilitoboa mwenyewe, nikajiona fundi kweli. Binti yake wa miaka kumi na sita naye akahamishiwa humo, chumba chake kikapangishwa.

Milango niliipima kiangazi nikaibana sana. Masika yalipoingia mbao zikavimba. Mwezi uliopita soketi ya kabati la katikati iliungua, mwanachuo aliyekuwa ndani akasukuma mlango ukagoma. Aliokolewa na mateke ya wenzake, anakohoa moshi. Milango nimeshaipiga randa, lakini nyaya ni zilezile na plaiwudi ni ileile. Dada alipaka rangi, akapangisha tena.

Nikaenda kwa mkaguzi wa majengo. Akaniuliza, "Hicho ni chumba au kitanda? Chumba nitakidai dirisha. Kitanda sina kanuni yake." Nikamwambia sijui. Akasema hata yeye hajui, atauliza wakubwa. Mpaka leo kimya.

Nilipomwomba dada tuyabomoe, alifoka: "Nimekubeba mgongoni, leo unanifundisha nyumba yangu? Gusa msumari mmoja uone, nitakuitia ukoo!" Jamani, kwetu Waluguru mjomba ana sauti juu ya watoto wa dada yake, na mjomba wa yule binti ni mimi. Lakini nikisimama mbele ya dada nageuka mtoto. Naumia sana.

Jumapili nilimwita binti pembeni, nikamsihi awe analala mlango wazi. Akaniangalia kwa aibu.

"Mjomba, wapangaji wengine ni wanaume. Nitalalaje wazi?"

Natoka, dada ananiagiza makabati manne mengine ya ukumbini. Nikikataa ataita fundi mwingine, nikikubali nitakuwa nimeongeza watu ndani ya moto. Ndugu zangu, yule mtoto usiku wa leo atajifungia tena humo. Niambieni, mimi nifanyeje?