Swali Ambalo Hatibu Hakulifikisha

Hatibu alikuwa mwana wa mwenye duka wa Katesh. Kibarabaig alikiokota utotoni kwa wafugaji waliokuja kununua shuka, na kwa ajili ya lugha hiyo bwana shauri, mtawala wa Kiingereza wa wilaya, akamwajiri kuwa mkalimani.

Mwaka 1941 liliitishwa baraza Basotu. Bwana shauri alitaka ng'ombe wa kulisha askari, na vijana zaidi wa kwenda vitani. Alieleza kwamba Wajerumani wamevamia nchi za majirani zao huko Ulaya. Hatibu akatafsiri.

Akainuka Gidahosh, mfugaji ambaye mwanawe alikwisha kuandikishwa.

"Vita vya kwanza niliviona. Wazungu walipatana, tukaambiwa yamekwisha. Muulize: siku ya kupatana, aliyeshindwa alipewa nafasi ya kusema, au aliwekewa masharti tu?"

Hatibu alimkumbuka karani mmoja aliyefukuzwa kazi kwa neno dogo kuliko hilo.

"Anasemaje?" bwana shauri akauliza.

"Anauliza vita vitakwisha lini, bwana."

"Karibuni. Mwambie asiwe na hofu."

Gidahosh alipoambiwa hivyo alimkazia macho yule Mzungu, kisha akaketi.

Baada ya miaka mitatu mwanawe alifia vitani Burma, huko Asia. Barua ikaja, na wa kuisoma kwa Kibarabaig alikuwa Hatibu peke yake. Gidahosh aliisikiliza hadi mwisho.

"Hata siku ile nilipomuuliza yule Mzungu, alinijibu kama anamjibu mtoto," akasema.

Hatibu akashindwa kunyamaza. "Sikumuuliza, mzee. Niliogopa."

"Basi miaka yote hii nimemchukia mtu kwa neno ambalo hakulisikia." Akamwonyesha njia. "Nenda."

Vita vilipokwisha, wafugaji na wakulima wa Gehandu waligombania malisho, watu wawili wakauawa. Siku ya kusuluhishana Gidahosh alikataa kufungua kinywa mpaka kila upande ulete mkalimani wake. Hatibu alisimama upande wa serikali, iliyokuwa msuluhishi. Safari hii alifikisha kila neno, hata matusi. Mara mbili watu waliinuka na fimbo wakaondoka, wakabembelezwa kurudi. Siku ya nne walikubaliana kuhusu kisima. Kuhusu malisho, hapana.

Bwana shauri mpya alimlaumu Hatibu kwa kutolainisha maneno, akamwachisha kazi.

"Ungepunguza makali kidogo tu," mkewe Rukia alimwambia.

"Nilishapunguza siku moja," akasema.

Kiangazi kilikuwa kinaanza, nyasi za Gehandu zimebaki chache, na hapakuwa na baraza jingine lililopangwa.