Bahari ya Kutazama Tu

Nianze kwa kukiri: wa kwanza kumcheka MaShezi nilikuwa mimi. Siku alipoingia uani kwao akisukuma toroli lenye sanduku la kioo, niliacha cherehani yangu, nikaegemea ua na kumuuliza, "Shoga, unafungua duka la maandazi?"

"Naleta bahari," akasema, wala hakusimama.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Bahari! Ezakheni hii, mbali na pwani, ambako hata mto ukijaa kidogo watu hutoka majumbani kwenda kuushangaa.

Jina lake ni Qondeni, ila mtaani tunamwita MaShezi, kwa ukoo wa baba yake. Mumewe, Bhekani, alifariki miaka minne iliyopita, naye akabaki nyumbani kwa mama mkwe wake, MaNgubane, akimtunza. Kupika yeye, kufua yeye, kumpeleka kliniki yeye. Mchana alikuwa mjini Ladysmith akipiga deki kwa daktari wa meno. Miaka tisa alifuta kioo cha tangi la samaki lililokuwa kwenye chumba cha kungojea, na miaka tisa alimdadisi Bwana Perumal, fundi aliyekuja kulihudumia. Daktari alipostaafu aliwaambia wafanyakazi kila mmoja achague kitu. Wenzake walibeba viti. Yeye alibeba tangi, tupu, la lita sitini, na pampu yake na taa yake. Kazi akapata nyingine, kwenye ofisi ya mawakili, deki ileile.

Wiki ile MaNgubane alikuwa Msinga, matangani, kwa hiyo hakuona kitu. Mimi niliona. Nilimwona MaShezi akichota maji kwenye bomba la uani, ndoo baada ya ndoo, akitia dawa ya kuondoa klorini, kisha chumvi ya pakiti aliyopewa na Perumal, akikoroga kwa mwiko wa ugali, akipima kwa kidude chake, akiongeza, akipima tena. Akapanga mawe yaliyotobokatoboka, akamwaga mchanga. Halafu akachukua kamba mmoja, yule wa kuliwa, akamtumbukiza humo na kumwacha aoze.

"MaShezi, hicho si chakula?" nikamuuliza.

"Cha vijidudu. Vikishazoea kula uozo, maji yatamfaa samaki. Wiki sita."

"Wiki sita unatazama mawe?"

"Kwani wewe jioni unatazama nini? Tamthilia ileile, mwanamke yuleyule analia."

Nikarudi kwenye cherehani yangu, maana ni kweli.

MaNgubane si mtu wa kuchezewa. Kwenye kanisa lao la mavazi ya kijani na meupe, mavazi ambayo nayashona mimi, yeye ndiye mama wa akina mama. Na nyumba ni yake, hati ina jina lake. Aliporudi kutoka Msinga alivuta pumzi mara moja mlangoni.

"Nini kimekufa humu?"

"Kamba, mama."

"Na humo kwenye kioo mna nini?"

"Mawe, mama."

"Ya nini?"

"Ya kutazama tu."

Hilo ndilo lililomchoma. Na si yeye peke yake, mtaa mzima. Kuku ni wa kuliwa, mbwa ni wa kulinda. Mjane mwenye mkwe wa kutunza anapata wapi ruhusa ya kuwa na kitu cha kutazama tu? Kufikia Ijumaa uvumi ulishazagaa: MaShezi anafuga nyoka wa maji, yule anayeleta utajiri na kumeza watu wa nyumba, na ndiye aliyemmeza Bhekani. Mwanamke mmoja akathubutu kumwambia usoni, dukani, kwenye foleni ya mafuta ya taa.

MaShezi akageuka, akawatazama wote. "Ningekuwa na nyoka wa utajiri, ningepanga foleni na nyinyi hapa? Ningekuwa bado napiga deki? Na jina la mume wangu lisitoke tena mdomoni mwako, nitakuzaba mbele ya watoto wako."

Foleni ikampisha. Mafuta alipata wa kwanza.

Wiki ya saba akamleta samaki, mmoja tu, mdogo kama kidole gumba, rangi ya chungwa na mikanda myeupe. Na konokono wawili, na tumbawe laini lenye vidole vingi vinavyocheza na maji. Nikaitwa. Nilikwenda na kejeli zangu tayari mdomoni. Taa ikawashwa. Jamani! Kejeli nikazisahau. Nilikaa pale mpaka maharage yangu yakaungua jikoni, na sikujuta.

MaNgubane naye alisogea, mikono kiunoni. "Huyo ni samaki wa bahari?"

"Ndiyo, mama."

"Basi hayo ni maji ya bahari."

MaShezi alikuwa anakimbilia kazini, hakufafanua. Laiti angefafanua. Maana huku kwetu maji ya bahari si mchezo. Anayekwenda Durban harudi bila chupa yake. Unayanywa asubuhi na tumbo tupu, unayatapika, kifua kinafunguka na mikosi inatoka. Na sasa bahari nzima ilikuwa hatua mbili kutoka kwenye kochi la MaNgubane.

Wiki ya tisa tumbawe likajikunja, likakataa kufunguka. Konokono wakafa wote wawili. Samaki akawa anahema juujuu. MaShezi alikuja kwangu macho mekundu.

"Maji ya tangi hupungua kila siku, taa inayakausha," akasema. "Nimeweka alama kwenye kioo. Siku nne sasa hayapungui hata kidogo. Na chumvi inashuka."

"Ndiyo nini?"

"Mtu anachota, kisha anajazia ya bomba ili asijulikane."

Tukatazamana. Nyumba ile ina watu wawili.

Alirudi kwao akamuuliza palepale, mimi nikiwa mlangoni. MaNgubane hakukana; uongo si tabia yake.

"Nimechota, ndiyo. Miaka kumi sijapumua hivi. Nimewaambia na wenzangu. Jumapili baada ya ibada wanakuja na chupa zao."

"Hapana, mama."

Nadhani hilo neno lilimshangaza hata yeye aliyelitoa.

"Nyumba hii ni ya nani?" akauliza MaNgubane.

"Yako, mama."

"Basi. Maji yatachotwa, ama hicho kisanduku kitoke."

Nilimvuta MaShezi nje, nikamshauri kama mtu mzima. Wape, nikamwambia, utafuga mwingine, samaki ni samaki. Alinikata jicho ambalo sitalisahau.

"MaCele, nyumba hii nimeipa mshahara wangu, mgongo wangu na ujana wangu. Sijawahi kusema hapana. Nikimtoa na huyu, kitabaki nini ambacho ni changu?"

Hasira zilinipanda, na kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa najikasirikia mwenyewe.

Jumapili wakaja, wanawake kumi na mmoja, wamenyooka ndani ya magauni niliyoyashona, kila mmoja na chupa. MaShezi alisimama mbele ya tangi na aproni yake ya kazini.

"Karibuni, akina mama. Tazameni mpaka mchoke. Ila asichote mtu."

"Hatukuja kutazama samaki, mwanangu," akasema mmoja wao, mpole tu. "Tumekuja kuchukua dawa."

"Dawa? Maji haya nimeyachota kwenye bomba lile pale nje, nikatia chumvi ya pakiti. Humu ameoza kamba. Na huyu mnayemwona, tangu aje, haja zake zote anazimalizia humuhumu."

Wakatazama chupa zao. Kisha mmoja akaguna kwa kicheko, akakizuia, kikamtoka puani. Vichwa vyote vikamgeukia MaNgubane, aliyekuwa akiyanywa kila asubuhi. Mama wa watu alisimama pale, uso umemshuka.

"MaCele," akaniuliza, "wewe ulikuwepo. Ni kweli?"

Nusu ya riziki yangu ilikuwa imesimama kwenye chumba kile. "Ni kweli," nikasema.

"Toka," MaNgubane akamwambia MaShezi. "Wewe na uchafu wako. Leo hii."

"Natoka, mama. Dawa zako za presha ziko kabatini, rafu ya juu. Kliniki ni Jumatano."

Alihamia kwangu kwa safari tatu za toroli. Maji kwenye ndoo, mawe kwenye beseni, samaki kwenye kopo la chakula lenye kifuniko. Mtaa mzima ulijaa kando ya njia, na wale wa kanisa na chupa zao tupu. Wengine walitarajia atainamisha kichwa. Thubutu!

"Tazameni vizuri!" akawapigia kelele. "Ndiyo kazi yake!"

Cherehani ilihamia chumbani kwangu, bahari ikakaa mahali pake. Siku mbili samaki alijibanza kwenye kona, hataki kula, sisi wawili tukimbembeleza kama wendawazimu. Siku ya tatu alikula, na MaShezi akalia kwa sauti. Jumatano alimchukua MaNgubane, akampeleka kliniki, wakakaa benchi moja kwa muda wa saa nne bila kusemezana, akamrudisha mpaka langoni na hakuingia ndani. Jumatano iliyofuata vivyo hivyo.

Wiki ya tatu, alasiri, MaNgubane akaja mwenyewe kwangu. Hakupiga hodi. Alisimama mbele ya tangi kwa muda mrefu sana, fimbo mkononi.

"Amekonda," akasema.

"Hajakonda, mama. Ndivyo alivyo."

"Nimesogeza kabati. Karibu na dirisha pana nafasi." Akakohoa. "Rudini."

"Na maji?"

"Sitayagusa. Wala hatayagusa mtu."

Moyo wangu ulishaanza kufunga mizigo. Lakini MaShezi alitikisa kichwa.

"Si sasa, mama. Tumbawe ndiyo kwanza limefunguka. Nikilihamisha tena mapema hivi litakufa. Miezi miwili, labda mitatu. Siliui kwa ajili ya kiburi chako, wala kwa ajili ya changu."

Nikasubiri radi. Haikuja. Yule mama aliyetikisa kanisa zima alishika ukingo wa meza yangu.

"Miezi mitatu," akasema. "MaShezi, ile nyumba ina ukimya, utaniua."

"Najua, mama," MaShezi akamjibu, akimsogezea kiti. "Tangu Bhekani afe nimekaa nao peke yangu, na wewe ukiwa chumba cha pili."