Mwaka Bibi Alipoanzia Chini

Rafiki yangu, sikiliza. Juzi nimefika Kamembe, mjini kwetu, Idi imekaribia, nafungua mlango wa sebule ya mama, nakuta ule ukanda wa kahawia wa chini ya ukuta umeshapakwa, unang'aa. Natazama juu, dari ina moshi na utando wa buibui wa mwaka mzima! Mwingine angeona rangi tu. Mimi nilimkumbuka bibi.

Zamani sebule hiyo aliipaka bibi yangu kila Idi, na utaratibu wake haukuguswa na mtu. Tukishafunika viti kwa magunia, anapanda mezani na ndoo ya chokaa, anaanza dari. Kisha kuta, kisha milango na madirisha. Ukanda wa kahawia, unaoficha alama za miguu na maji ya kudekia, ulikuwa wa mwisho, na ulikuwa wetu watoto, maana ndipo mikono yetu ilipofika. Tukimwomba tuanze mapema, anatupigia kelele: "Rangi haipandake, inashukaka!" Basi tunangoja, tunanusa sambaza, dagaa za ziwani, mama anazokaanga uani, chokaa inatudondokea kichwani. Ndege ikitua kwenye uwanja wa jirani, tunatoka mbio kuitazama. Tukirudi, bibi bado yuko mezani, anaimba.

Halafu ukaja mwaka ambao alitugawia burashi asubuhi. "Batoto, mwaka huu tunaanzia chini." Tulishangilia kama wendawazimu! Jirani yetu, fundi cherehani, alichungulia akashika mdomo. "Bibi, umeamkaje leo? Chini kwanza?"

"Hivi hivi tu," bibi akacheka. Jirani hakucheka.

Tulipomaliza, bibi alipaka kuta mpaka usawa wa bega lake. Kisha nikamwona ameishika meza kwa mikono miwili, ameinua mguu, ameushusha. Akauinua tena, akaushusha. Lo! Bibi yangu, yuleyule wa kupanda mezani! Akaenda kuosha burashi kana kwamba kazi imekwisha. Idi ile wageni walikula pilau chini ya dari nyeusi. Idi iliyofuata hatukuwa naye; kupaka kukawa kazi ya mama, dari kwanza.

Sasa juzi mama anatoka uani, anajifuta mikono kwa kitenge. Nikamuuliza mbona ameanzia chini.

"Hivi hivi tu," akasema, akacheka kicheko kilekile.

Wallahi, nilivua viatu nikapanda mezani. Meza ni ileile. Bibi hayupo, fundi cherehani alishahama, chokaa ya ndoo imekuwa rangi ya kopo, na wanangu hata burashi hawajui kuishika. Nilipaka dari machozi yakinitoka, na matone yakaanza kuangukia ule ukanda wake mpya.

"Weye! Unaniharibia kazi yangu!" mama akafoka kutoka chini.

Foka tu, mama, nilisema moyoni. Foka na mwakani.