Mchumba Wangu Alitoa Kufuli, Bibi wa Fimbo Akaliwa

Admin, nifiche kabisa, maana nusu ya wateja wangu wanafuata ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, mkaazi wa Mji wa Kale hapa Mombasa. Nashona mabuibui na sare za shule, duka langu liko Makadara. Nilianza na cherehani ya mkono ya marehemu mamangu, leo nina nne za umeme, na hakuna aliyenishika mkono. Nasema haya mujue mimi si mtoto, kwa sababu jambo lenyewe limeanzia kwenye mchezo wa simu na najua mutacheka. Chekeni, kisha munisikilize.

Ni mchezo wa kukusanya mashujaa. Unaita shujaa kwa vito bila kujua atatokea nani, halafu mnapigana kwa zamu, wewe unapiga, adui anapiga. Ukitaka shujaa mmoja apande nyota lazima umlishe wengine, na aliyeliwa harudi. Mimi ndiye kiongozi wa chama chetu humo ndani, wananiita Mkubwa. Sifa yangu ni hesabu. Mtu akinionyesha kikosi chake namwambia papo hapo nani abaki na nani aliwe. "Asiyepigana ni mzigo, aliwe." Hilo ni neno langu, wote wanalijua.

Shujaa mmoja tu sikumtia kwenye hesabu. Ni bibi kizee mwenye fimbo, kazi yake kuponya wenzake, nyota tatu, dhaifu. Mama alipokuwa mgonjwa nilikuwa nikikaa naye mchana nikicheza, siku moja akaniambia, "Nipa nibonyeze mimi, mkono wako una nuksi." Akabonyeza, akatoka bibi yule. Mama akacheka mpaka akakohoa. "Hebu mtizame, hana meno kama mimi. Huyu usimtume vitani, muache akae." Nikamtia kufuli, alama ambayo shujaa akiwa nayo hawezi kuliwa kwa bahati mbaya. Mama hakumaliza mwezi. Bibi akabaki pale, kila nikifungua simu namuona.

Mchumba wangu, nimwite Fadhili, ni karani Mbaraki, kwao ni Majengo. Tulijuana humo humo chamani, tukaandikiana karibu mwaka mzima kabla hajaja dukani kupimwa kanzu akasema, "Kumbe Mkubwa ni mwanamke." Posa imeshapokewa, nikahi ni mwezi ujao. Vita vya chama huwa alasiri, saa ambayo duka langu limejaa watu, basi nikampa neno la siri anichezee zamu zangu. Wachezaji tunafanyiana hivyo, ni kama kumuachia jirani ufunguo.

Siku moja nafungua simu, bibi hayupo. Nikampigia.

"Bibi? Nimempa yule mpiga upinde wako amle," akasema, sauti imetulia. "Tulikuwa tunashindwa. Na tumeshinda, Mkubwa, hukuona?"

"Alikuwa na kufuli."

"Nililiona, nikalitoa. Nilidhani umemsahau tu."

"Si ungeniuliza."

"Nikuulize nini, na wewe ndiye unayetufundisha? Nguvu zake elfu nne. Mpiga upinde sasa yuko elfu tisini. Piga hesabu mwenyewe."

Nilikuwa nimeshaipiga. Ni sahihi. Nikamwambia yule alikuwa wa mama, akaniomba radhi, na nikikana nitakuwa muongo, aliomba vizuri. Sikuwahi kumueleza habari za bibi, nakubali. Lakini kwani mlango wa watu ukiukuta na kufuli, unangoja kuelezwa?

Akatumia vito vyake vyote alivyojiwekea, akaita mashujaa mpaka akatoka bibi wa fimbo, akanihamishia mimi. Akaja dukani amefurahi. "Huyu hapa, yule yule. Sura ile ile, fimbo ile ile. Yamekwisha?" Nikamtazama bibi yule kwenye kioo cha simu. Nguvu ni zile zile, hata moja haikupungua. Nikasema ahsante, nikarudi kukata kitambaa, na mikono miwili ya buibui moja ikatoka hailingani. Kosa hilo sijalifanya tangu nianze kazi.

Nikamwendea mama mdogo. "Utavunja nikahi kwa ajili ya katuni?" akaniuliza. "Mwanamume hanywi, hapigi, kakosa na kalipa. Na mimi nishanunua leso za sare, nitazirudisha wapi?" Nikacheka, nikajiambia kweli, nimezidi. Ningeyaacha hapo.

Lakini juzi alikuja kunisubiri nifunge duka. Nikihesabiana na mteja, namuona amesimama kwenye kona ilipo cherehani ya mama, ile ya mkono. Mimi huifunika kwa kitambaa. Kitambaa alikuwa amekifunua, na tepu yangu ya kupimia iko mkononi mwake.

"Hii inakuingizia nini kwa mwezi?" akaniuliza.

"Haishoni."

"Ndiyo maana nikauliza. Nimepima, tukiitoa, ya tano ya umeme inaingia hapa bila kusukuma kitu."

Hesabu hiyo nayo nimeirudia kichwani, nikitembea, nikila, nikiswali Mungu anisamehe, na kila mara inatoka vile vile: yuko sawa. Cherehani ya tano ingejilipa upesi. Neno la siri la mchezo nimelibadilisha, bado hajaniuliza. Nikikaa nainuka, nikiinuka sijui nilikuwa nakwenda wapi.

Ndugu zangu, huyu ni mtu anayenisaidia kwa njia niliyomfundisha mimi mwenyewe, au nimeonyeshwa mapema nami sitaki kuona? Ameomba ufunguo wa pili wa duka, kwamba tukishaoana awe akinifungulia asubuhi. Fundi ameshauchonga, uko kwenye droo, chini ya mkasi. Nishaurini kwa haki, nimpe?