Muhuri kwa Mwalimu Mkuu

Nilikuwa kwenye benchi la maabara hapa Dodoma, nasubiri majibu ya malaria, mtaalamu alipochungulia dirishani na kumwita mzee mmoja wa kijiji cha Zuzu. Mzee alivaa koti la mtumba. Kando yake binti yake alikuwa ameficha tumbo lililotuna kwa khanga.

"Shikamoo mzee. Yale maji tuliyoyavuta tumboni kwa binti kwa sindano tumeyaona kwenye hadubini."

"Marahaba. Ni mtoto?"

"Hakuna mtoto! Ni uvimbe kwenye kifuko cha mayai, na chembe zake hazionyeshi saratani. Daktari atautoa, kisha tutaupima tena kuhakikisha."

Binti aliiachia khanga. "Si nilisema! Nilimwambia matroni wa shule, nikamwambia mwalimu mkuu!"

Benchi zima tulipiga makofi, hata mimi na homa yangu.

Mzee hakupiga. Alitoa mfukoni barua ya kumfukuza binti shule kwa ujauzito, yenye muhuri wa mwalimu mkuu. Alieleza kwamba matroni alimminya binti tumbo kwa vidole, kama anavyowakagua wasichana wote kila muhula, basi. Vidole vile vilipata muhuri. Maneno ya binti hayakupata.

"Niandikie kwamba si mimba," mzee alisema. "Na muhuri."

Mtaalamu aliandika kwa herufi kubwa, akagonga muhuri hadi dirisha likatikisika.

"Andika na nyingine."

"Mzee, mwalimu mkuu si mmoja tu?"

"Hiyo ni ya kubandika ukutani kwangu," mzee alisema, bila kumtazama binti. "Mimi pia sikumwamini."